Mdogo wangu amefia Saudia, ajenti anataka tusaini azikwe huko huko

Mama, shikamoo na assalam aleykum.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, kifungua mimba wa mamangu. Mdogo wangu wa kike alikwenda Riyadh mwaka juzi kufanya kazi za nyumbani, akatuachia bintiye wa miaka sita. Aliondoka mzima wa afya. Alikuwa akituma pesa kila mwezi, lakini miezi ya mwisho alilalamika kuwa hajalipwa, na kwamba bosi wake amempeleka kwa dada yake, nyumba yenye watoto wengi, ambako anapata kulala saa chache tu. Ujumbe wake wa mwisho wa sauti aliutuma usiku. Ananong'ona, nyuma yake unasikia maji ya bomba yakimwagika, anasema: "Dada, tumbo linaniuma tangu juzi na hawataki kunipeleka hospitali. Niombeeni." Nilimjibu asubuhi. Tiki ikabaki moja.

Siku chache baadaye ajenti aliyempeleka alimpigia mama simu. Akasema mtoto wenu amefariki, moyo umesimama, ni kazi ya Mungu. Jioni ile ile akatutumia kwa WhatsApp karatasi iliyoandikwa kwa Kiarabu, kurasa mbili, chini pana mahali pa saini na dole gumba. Anataka mama aweke dole, tuambatishe nakala ya kitambulisho chake, tumrudishie. Anasema ni ruhusa ya kumzika Riyadh, na kwamba tukichelewa mwili utaharibika na serikali ya huko itauzika bila kutuuliza. Tukitaka mwili urudi nyumbani tutoe shilingi laki sita, tena kwa namba yake mwenyewe ya simu.

Nyumbani tumegawanyika. Ami yangu, ambaye ni ustadh na sote tunamheshimu, anasema sunna ni kuharakisha maziko, Mwislamu huzikwa alipofia, na kule ni nchi ya Kiislamu, kwa hiyo tusaini tusome khitma tumalize. Anasema sisi tunamtesa maiti. Mama hataki kusikia. Amekaa kwenye mkeka pale ukumbini, hali wala halali, anasema hatatia dole mpaka amwone mwanawe. Kaka zangu wamefungua kundi la michango na pesa zimeanza kuingia, na tayari kuna maneno kuhusu nani azishike. Mimi ndiye niliyesoma kidogo kwa hiyo kila mtu ananitazama mimi.

Nauliza, Mama: tusaini? Tukikataa tunapata dhambi? Na watu kama sisi, ambao tumeuza mbuzi ili kumpeleka, tutatoa wapi pesa za kumrudisha?

Dada Mkubwa, Malindi

Waaleykum salaam mwanangu, marahaba. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amrehemu mdogo wako, amlaze pema, na ampe mamako subira. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na nimewauliza watu wawili ninaowaamini kabla ya kukujibu, mmoja wakili na mmoja shekhe, kwa sababu jambo lenu halisubiri.

Jibu la swali la kwanza ni hili: msisaini. Mama asitie dole kwenye karatasi hiyo, na kitambulisho chake kisitumwe kwa huyo ajenti hata nakala.

Nitakueleza kwa nini. Sheria ya Kazi ya Saudia, kifungu cha 40, inasema mwajiri ndiye anayebeba gharama ya kuutayarisha mwili wa mfanyakazi aliyefariki na kuusafirisha hadi alikochukuliwa, isipokuwa akizikwa humo nchini kwa idhini ya familia yake. Soma maneno hayo ya mwisho tena. Idhini ya familia. Wafanyakazi wa nyumbani wana kanuni zao mbali na sheria hiyo, lakini mikataba yao kwa kawaida hubeba sharti hilo hilo la kurudisha mwili, na desturi ya maofisa wa huko ni ile ile: warithi wanatakiwa wakubali kwa maandishi. Dole la mamako ndilo linalomtoa mwajiri kwenye gharama. Ndiyo maana karatasi ilifika jioni ya siku ile ile, kabla hata hamjaambiwa amefia wapi, hospitali au nyumbani.

Hiyo kwamba serikali itamzika bila kuwauliza, mwulize ajenti akuandikie, aweke na mhuri wa ofisi yake. Hataandika. Miili ya wageni hukaa katika vyumba vya baridi vya hospitali za serikali kule kwa wiki nyingi, mingine miezi, ikisubiri makaratasi. Hilo ni jambo la kusikitisha na familia nyingi za Kenya zimelipitia, lakini maana yake kwenu ni kwamba mna muda wa kufanya mambo sawasawa. Mwili uliowekwa kwenye baridi hauharibiki kwa sababu mmeuliza maswali.

Sasa karatasi yenyewe. Ami yako ni ustadh, anasoma Kiarabu. Mwombeni kwa heshima akae na mama na wewe, aisome yote kwa sauti, neno kwa neno, na kueleza kila mstari. Karatasi za namna hii mara nyingi hubeba mambo matatu ndani ya saini moja. Kuna ruhusa ya kuzika. Kuna wakala, yaani kumpa mtu mwingine mamlaka ya kusimamia mambo ya marehemu, na huyo mtu anaweza kuwa mwajiri mwenyewe. Na kuna tanazul, ambayo ni kuachia madai yote: mishahara, fidia, na haki ya kuuliza amekufaje. Kiarabu cha mahakamani si kile cha vitabu vya fiqhi, kwa hiyo baada ya ami kusoma mpelekeeni mfasiri aliyethibitishwa Mombasa mjini, lakini nataka ami aisome kwanza. Nadhani akiona neno la tanazul pale chini, hataendelea kuwahimiza msaini. Yeye ameambiwa ni karatasi ya mazishi tu, na kwa aliloambiwa amesema kweli.

Maana ni kweli kwamba dini inahimiza haraka. Hadithi ya kuharakisha jeneza imo ndani ya Bukhari na Muslim, na hakuna Mwislamu wa pwani asiyeijua. Ni kweli pia kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii wanachuoni hawapendi maiti ahamishwe mji hadi mji. Imam Nawawi anataja wanaosema ni makruhu na wanaosema ni haramu, wakiwatoa waliofia karibu na Makka, Madina au Baitul Muqaddas. Kwa hiyo usimwone ami yako kuwa ni mtu mgumu. Lakini katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kwamba Saad bin Abi Waqqas alifia Al-Aqiq akabebwa mpaka Madina akazikwa huko. Si mbali, ami atakwambia, na atakuwa amesema kweli tena. Ninachotaka mumwulize ni swali jingine kabisa. Mwulizeni: ami, binti amelala siku kadhaa akilia tumbo katika nyumba ambayo si ya mwajiri wake, hakupelekwa hospitali, hakulipwa, kisha akafa. Je, haki yake ya kujulikana nani amemdhulumu inazikwa naye ili tuharakishe? Shekhe niliyemwuliza alinijibu kwamba kuchelewesha kwa ajili ya kuthibitisha haki ya maiti ni dharura, na dharura ina hukumu yake. Mimi si mufti, na sitaki neno langu lisimame juu ya la ami nyumbani kwenu. Nendeni pamoja, wewe na yeye, kwa Kadhi hapo Malindi, mpeleke habari yote, na ujumbe wa sauti asikilize. Ami akilisikia jibu kwa masikio yake mwenyewe, nyumba itatulia. Mkienda bila yeye mtarudi na fatwa na mtakuwa mmepoteza mzee.

Kuhusu kuteswa kwa maiti, mwambie mamako asibebe hilo moyoni. Aliyemchelewesha mdogo wako ni yule aliyemnyima daktari akiwa hai.

Niseme sasa kuhusu hayo maneno "moyo umesimama", kwa sababu yananiuma. Kila anayekufa moyo wake husimama. Hiyo si sababu ya kifo, ni kifo chenyewe. Wizara yetu ya Mambo ya Nje iliwaambia wabunge mwaka 2021 kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudia katika muda wa kama miaka miwili, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, na moyo kusimama ndiyo ilikuwa sababu iliyojaa kwenye orodha. Machi 2025 gazeti la New York Times likaandika kwamba wafanyakazi wa Kenya wasiopungua 274, wengi wanawake, walikuwa wamefariki huko katika miaka mitano, na kwamba kulikuwa na ripoti zilizosema kifo cha kawaida huku mwili una alama za kuumia. Hawa walikuwa wasichana waliopimwa afya kabla ya kupanda ndege. Mdogo wako naye alipimwa. Cheti chake cha kabla ya safari lazima kiko, kitafuteni, ni ushahidi kwamba aliondoka na moyo mzima.

Hapa ndipo kuna jambo ambalo familia nyingi hulijua likiwa limeshapita. Ili mwili upande ndege lazima uhifadhiwe kwa dawa, kisha ufungwe katika jeneza lenye bati la zinki lisilopitisha hewa. Dawa hiyo ikishaingia mwilini, kupima sumu na vitu vingine vya damu kunakuwa vigumu sana, pengine kusiwezekane kabisa. Kwa hiyo ombi la uchunguzi wa maiti lifike Riyadh kabla mwili haujatiwa dawa. Liandikeni leo. Barua fupi, kutoka kwa mama kama mrithi, kwenda kwa Ubalozi wa Kenya Riyadh, ikisema: familia haikubali maziko ya huko kwa sasa, familia inaomba polisi na mwendesha mashtaka wa Saudia waagize uchunguzi wa kitabibu wa sababu ya kifo, familia inaomba ripoti ya hospitali, ripoti ya polisi na cheti cha kifo. Mweleze alikuwa analalamika tumbo na tangu lini. Taja kwamba alihamishiwa nyumba ya mtu mwingine, maana mkataba humtaja mwajiri mmoja na anwani moja. Ujumbe wa sauti uhifadhiwe mahali pawili mbali na simu yako, na utoe maelezo yake kwa maandishi.

Nakala ya barua hiyo ipelekwe Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora, Nairobi, ambayo tangu 2022 ndiyo yenye jukumu la Wakenya walio nje, na nyingine Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, wale NEA. Ambatisheni pasipoti yake, namba ya iqama, yaani kibali chake cha ukaazi wa Saudia, kama mnayo, mkataba, cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho cha mama na barua ya chifu inayosema mama ndiye mzazi na nani mwingine ni mrithi. Chifu asiwacheleweshe, mwambieni ni msiba. Na muwe na msemaji mmoja. Ubalozi ukipigiwa na kaka, na ami, na mjomba wa Mombasa, kila mmoja na habari yake, faili lenu linalala chini. Naona msemaji ni wewe. Kila simu unayopiga, andika kwenye daftari jina la aliyepokea, saa, na alilosema, kisha umtumie barua pepe ukirudia mlilokubaliana.

Usitegemee ubalozi ulipe nauli ya mwili. Kazi yake ni kumbana mwajiri, kutoa barua ya kutokuwa na pingamizi, na kufuata makaratasi kule: polisi waruhusu, cheti kitoke, pasipoti ifungwe kwa viza ya kutoka ya mwisho, ndege ikatiwe. Kila ofisi inasubiri karatasi ya ofisi nyingine, na mwajiri akizima simu kila kitu kinasimama. Ndiyo maana ukumbushe kila siku, kwa adabu, bila kuchoka.

Sasa laki sita. Msitoe, na hasa msitoe kwa namba ya mtu binafsi. Ajenti mwambieni kwa maandishi awaletee nakala ya mkataba uliosajiliwa Musaned, ule mfumo wa Saudia ambao mikataba ya wafanyakazi wa nyumbani hupitia. Humo mtaona jina kamili la mwajiri, mshahara, na nani analipia kurudishwa kwa mwili. Tangu Februari 2024 mikataba mipya huko hukatiwa bima, na miongoni mwa inayoyagharamia ni kurudisha mwili na mali za mfanyakazi aliyefariki. Ikiwa mkataba wa mdogo wako umo katika hiyo, basi kuna mtu anayetaka kulipwa mara mbili kwa jeneza moja. Angalieni pia kama ofisi ya ajenti imo katika orodha ya NEA ya mawakala waliosajiliwa, iko wazi mtandaoni. Aliyesajiliwa ameweka dhamana serikalini na ana leseni ya kupoteza, na kwa kawaida akiona barua yenye nakala kwa NEA sauti yake hubadilika. Asipokuwamo, ripotini polisi, mchukue namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Hapo mashirika yanayoshughulikia usafirishaji haramu wa watu yatawasikiliza pia. Pale Mombasa kuna Trace Kenya, ambao wameshika kesi nyingi za wasichana wa pwani waliokwenda Ghuba.

Nisikudanganye: kuna familia zilizofanya yote haya na mwisho zikalazimika kuchanga, kwa sababu mwajiri alikimbia na mkataba ulikuwa wa mkono. Kwa hiyo michango msiifunge. Lakini waambieni watu ukweli kwenye kundi, kwamba pesa haziendi kwa ajenti. Zinakaa kwanza, zitatumika kwa usafiri wa mwili ikishindikana kabisa kwa mwajiri, kwa daktari wa uchunguzi hapa nyumbani, kwa wakili, na zikibaki ni za mtoto. Wekeni watu watatu wa kutia saini, mmoja awe mwanamke, mmoja awe mtu wa msikitini asiye wa ukoo. Kila jioni orodha iwekwe kundini. Nimeona ndugu wakiacha kuzungumza maisha yao yote kwa ajili ya daftari la matanga lisiloandikwa vizuri.

Mwili ukirudi, mwambieni mwenye kukata tiketi kama mnataka ufike Nairobi au Mombasa moja kwa moja. Ndege za Ethiopian huingia Mombasa kutoka Addis Ababa, na kwenu Malindi hiyo ni nafuu kubwa kuliko kukodi gari kutoka Nairobi usiku. Mwili hupokelewa upande wa mizigo, si pale wanapotokea abiria, na hilo huwaumiza watu wasiotayarishwa. Unafika na karatasi: cheti cha kifo, cha kuhifadhiwa kwa dawa, cha kutokuwa na ugonjwa wa kuambukiza, pasipoti. Maofisa wa afya wa uwanja wa ndege wanazikagua kisha wanaruhusu. Mama asiwepo pale. Aende kaka mmoja na ami.

Kutoka hapo msiende makaburini moja kwa moja. Upelekwe Hospitali Kuu ya Pwani, mwombe uchunguzi wa pili wa daktari wa serikali, na kama mchango unaruhusu awepo daktari wenu akitazama. Kuna jambo la kuwatayarisha akina mama watakaomwosha: maiti aliyepasuliwa kwa uchunguzi huwa na mshono mrefu kifuani hadi tumboni. Watu wakiuona hupiga kelele kuwa ametolewa figo. Huo mshono peke yake si dalili ya hilo. Mwulizeni daktari, atawaambia kila kiungo kipo au hakipo na ataandika. Kuosha mtauliza siku hiyo. Kama hali ya mwili inaruhusu ataoshwa, kama maji yatauharibu kuna tayamamu, na haki yake haipungui.

Kuhusu mamako kumwona. Anayo haki, na msimkatalie kwa kumhurumia. Lakini wewe umtazame mdogo wako kwanza, umfunge leso, umfunike mwili wote, ubakishe uso tu. Kama uso hautazamiki, mwambie mama kwa maneno ya wazi, halafu mwache achague mwenyewe. Pengine atataka kushika mkono tu au mguu. Mama aliyenyimwa kuona hubaki akisubiri mlango ugongwe. Nawajua wanaosubiri mpaka leo.

Na kama baada ya kuwasikiliza Kadhi, daktari na ubalozi mkaona wenyewe kwamba azikwe Riyadh, hiyo nayo si aibu. Iwe baada ya uchunguzi kumalizika na ripoti kuwa mkononi mwenu, idhini iwe ya maziko peke yake na hakuna neno la kuachia madai, na muombe mjulishwe makaburi gani na namba ya kaburi. Kisha mtamsalia salatul ghaib, sala ya maiti asiyekuwapo, hapo Malindi, kama Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyomsalia Najashi, mfalme aliyefia Uhabeshi. Kitu ninachokataa ni maziko ya kuharakishwa na mtu ambaye haraka inamnufaisha.

Mishahara yake ya miezi ile ni deni, na deni analodai marehemu ni mali ya warithi: mtoto wake na mama, na wengine kama wapo. Mahakama ya Kadhi ndiyo itakayotoa hati ya mirathi, na hati hiyo, ikitafsiriwa Kiarabu na kuthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa Saudia Nairobi, ndiyo mtakayodaia kule. Daini pia sanduku lake na simu. Simu hasa. Mkubali orodha iliyosainiwa ya vitu vyake, si ahadi ya "vitafuata".

Umeniandikia habari za kila mtu pale nyumbani isipokuwa mtoto, umemtaja mara moja tu. Nahisi hajaambiwa. Watu wanaingia na kutoka, bibi yake halali, jina la mamake linatajwa na likitajwa mnanyamaza. Ana miaka sita, anajua kuna jambo. Mwambie wewe, leo kabla ya magharibi, kabla hajaambiwa na watoto wa jirani. Usimwambie mama amesafiri au amelala, maana kusafiri ndiko alikokwenda mara ya kwanza na alingojewa arudi. Mwambie mama alikuwa mgonjwa tumbo, amekufa, hatarudi, tunamwombea dua, na wewe utakaa naye. Akikuuliza ni lini mwili utafika, mwambie bado tunaufuata. Kisha barua ya ubalozi iende usiku huu huu, mama ameweka dole lake kwenye hiyo.